Mistari Tisa Kabla ya Antioko: Mkuki wa Makedonia na Vita vya Bonde Letu

Katika Juma la 33 la Mwaka, Mwaka wa I, masomo ya kwanza ya Misa za siku za juma hutoka katika vitabu vya Wamakabayo. Jumatatu msomaji hufungua sura ya kwanza na kuanzia mstari wa 10, pale anapotajwa Antioko Epifane. Kwa waamini wengi Antioko ni kama Farao au Herode: mfalme mbaya aliyejitokeza tu, akalinajisi Hekalu, akawatesa wacha Mungu, kisha akafa vibaya. Lakini mwandishi wa kitabu hakuanzia hapo. Aliweka kwanza mistari tisa ambayo siku hiyo haisomwi. Humo anamtaja Aleksanda wa Makedonia mwana wa Filipo, vita alivyopigana, ugonjwa wake, maofisa waliolelewa pamoja naye, na jinsi maofisa hao walivyojivika mataji baada ya kifo chake na kuijaza dunia maovu. Antioko ni tunda la mti huo.

Waseminari wengi huziruka habari hizi kwa sababu zimejaa majina ya Kigiriki. Ni hasara, kwa maana sisi wa bonde la Kilombero tuna historia inayofanana nazo kwa namna ya kushangaza. Nitazisimulia zote mbili pamoja, moja imulike nyingine.

Mkuki mrefu na mkuki mfupi

Filipo wa Pili aliposhika utawala wa Makedonia mwaka 359 K.K., nchi yake ilikuwa ya wafugaji na wakulima, iliyodharauliwa na Wagiriki wa mijini na kuvamiwa na majirani karibu kila upande. Ujanani alikuwa amekaa mateka huko Thebes, mji uliokuwa na jeshi bora kuliko yote Ugiriki wakati ule, na alitumia macho yake vizuri. Alipopata madaraka aliwapa askari wake wa miguu mkuki ulioitwa sarisa, wenye urefu wa mita nne hadi sita. Mkuki wa namna hiyo hushikwa kwa mikono miwili, kwa hiyo ngao ilibidi iwe ndogo, ya kuning'inizwa begani. Mtu mmoja mwenye sarisa ni kichekesho. Ukimwendea ubavuni hawezi hata kugeuka. Lakini wakipangwa safu kumi na sita kwenda nyuma, ncha za mikuki ya safu tano za kwanza hutokeza mbele ya mtu wa mbele kabisa, na adui anakutana na ua wa miiba unaotembea. Kikosi hicho kiliitwa falanksi. Kazi yake ilikuwa kumshika adui pale pale alipo. Wapanda farasi ndio waliokwenda kumpiga ubavuni.

Siri haikuwa urefu wa mti. Ilikuwa mazoezi. Filipo aliwafanya askari wabebe wenyewe chakula na vifaa vyao, akapunguza mikokoteni na watumishi, akawa tayari kwenda vitani hata katika majira ambayo Wagiriki wengine walikuwa wamerudi nyumbani. Mwaka 338 K.K. aliwashinda Wathebes na Waathene huko Chaeronea. Miaka miwili baadaye aliuawa kwenye arusi ya binti yake, na jeshi likabaki mikononi mwa kijana wa miaka 20.

Kusini mwa Afrika, mwanzoni mwa karne ya 19, Shaka wa Wazulu alifanya kinyume: alifupisha mkuki. Mkuki wa kurusha ukishatoka mkononi umekwenda, na adui anaweza kuuokota. Mkuki mfupi wa kuchoma, wenye bamba pana, unabaki mkononi, lakini unamlazimu askari kumsogelea mwenzake mpaka wasikie pumzi zao. Ndiyo maana ngao ya ngozi ya ng'ombe ilikuwa kubwa ya kufunika mwili. Vijana waliwekwa katika vikosi kwa rika lao, si kwa ukoo wala kijiji, na jeshi lilipangwa mfano wa kifua cha ng'ombe na pembe zake: kifua kinamkabili adui, pembe zinamzunguka. Silaha ni tofauti, shabaha ni ile ile ya Filipo.

Zwangendaba, ambaye jina lake linahusu moja kwa moja historia yetu, hakuwa mtu wa Shaka. Alikuwa mkuu wa ukoo wa Jere, upande wa Zwide wa Wandwandwe, ambao Shaka aliwashinda karibu mwaka 1819. Alishindwa, akakimbia, na akaondoka na ufundi huo wa vita. Watu wake walipitia Msumbiji na Zimbabwe ya leo, wakavuka mto Zambezi mwezi Novemba 1835, siku jua lilipopatwa. Kila walipopita waliteka vijana na wanawake, na vijana wakaingizwa vikosini. Walipofika kwenye uwanda wa Ufipa, wengi katika waliojiita Wangoni hawakuwa wamezaliwa kusini hata kidogo. Kwa Aleksanda yalikuwa hayo hayo: katika miaka yake ya mwisho alifundisha vijana 30,000 wa Kiajemi kupigana Kimakedonia, jambo lililowaudhi sana wazee wa jeshi lake. Ufundi wa vita hauna kabila. Anayeufundisha kwa wengi asishangae siku utakapomrudia.

Baada ya mfalme kufa

Aleksanda alikufa Babeli mwezi Juni mwaka 323 K.K., akiwa na umri wa miaka 32. Mtoto wake alikuwa bado tumboni mwa mama, na ndugu yake wa baba hakuwa na akili timamu. Wote wawili walitangazwa wafalme, na wote wawili waliuawa baadaye. Cassander ndiye aliyemwua mtoto pamoja na mama yake, karibu mwaka 310 K.K. Perdiccas, aliyejifanya mlinzi wa ufalme, aliuawa na maofisa wake mwenyewe baada ya kushindwa kuvuka mto Nile. Ptolemayo aliteka msafara uliobeba maiti ya Aleksanda na kuipeleka Misri, kwa kuwa mwenye kaburi la mfalme alikuwa na hoja ya kujiita mrithi. Seleuko alijipatia Babeli, na baadaye Siria.

Katika vita vyote vya warithi hawa, kisa ninachokiona cha kusikitisha kuliko vingine ni cha Eumenes. Huyu alikuwa katibu wa Filipo na Aleksanda, Mgiriki kati ya Wamakedonia, na kwa sababu hiyo hakuaminiwa kamwe. Alikuwa na kikosi kilichoitwa Ngao za Fedha, wazee waliopigana tangu enzi za Filipo, wengi wao wenye miaka zaidi ya 60, ambao hakuna aliyewahi kuwashinda. Karibu mwaka 316 K.K. walikutana na jeshi la Antigonus huko Gabiene, katika Iran ya leo, kwenye uwanda wa chumvi wenye vumbi jingi. Wazee wale walivunja safu za mbele yao kama kawaida yao. Lakini ndani ya vumbi lile wapanda farasi wa Antigonus walizunguka bila kuonekana wakateka kambi, iliyokuwa na wake zao, watoto wao, na mali ya maisha yao yote ya vita. Jioni wazee wakatuma ujumbe kwa Antigonus. Akawajibu: nipeni Eumenes. Wakamfunga na kumkabidhi, wakarudishiwa familia zao. Antigonus alimwua Eumenes, akamchoma moto akiwa hai mkuu wa Ngao za Fedha, na wale wazee akawatawanya kwa makundi madogo hadi mipaka ya mbali ya mashariki ili wakaishie huko.

Nimekisimulia kirefu kwa sababu kinaonyesha jeshi la namna hii lilikuwa nini hasa. Halikuwa na nchi. Nchi yake ilikuwa kambi.

Jeshi la Zwangendaba nalo lilikuwa taifa linalotembea, lenye wanawake, watoto na ng'ombe wake. Zwangendaba alifia Ufipa kati ya mwaka 1845 na 1848, wanawe wakiwa bado wadogo. Ugomvi wa urithi ukalipasua taifa. Watuta wakaelekea kaskazini kando ya Ziwa Tanganyika hadi Unyamwezi. Mpezeni akaishia katika Zambia ya leo, Mbelwa kaskazini ya Malawi. Kundi jingine, chini ya Zulu Gama na Mbonani, likaelekea kusini-mashariki likafika nchi ya Songea. Huko wakawakuta Wangoni wengine, Wamaseko wa Mputa, waliokuja kwa njia nyingine. Kwa muda waliishi chini ya Wamaseko, kisha wakawageukia. Mputa akauawa, na mwanzoni mwa miaka ya 1860 Wamaseko wakafukuzwa ng'ambo ya Ruvuma.

Hapo ndipo bonde letu linaingia. Katika msukosuko ule, kundi la watu waliokuwa chini ya Wamaseko, wenye asili mbalimbali lakini waliokwisha kufunzwa vita vya Kingoni, halikwenda kusini na wengine. Likapanda kaskazini na karibu mwaka 1862 likaingia bonde la Kilombero na nchi ya Mahenge. Ndio Wambunga.

Walio katikati

Ukisimama Kiberege ukatazama magharibi unaiona milima ya Udzungwa. Nyuma yake ni Uhehe. Kusini, ukipita Ifakara na kuvuka mto, nchi inapanda kwenda Mahenge. Bonde lenyewe ni la mpunga, samaki na mitumbwi, na wenyeji wake Wandamba walijua maji kuliko walivyojua vita vya uwanjani. Wambunga walipokuja, Wandamba walikuwa na mambo mawili ya kuchagua: kutii au kuingia kwenye mabwawa.

Wakati huo ufundi wa Wangoni ulikuwa umekwisha kuwafikia na maadui wa Wangoni. Wasangu waliuiga, na Wahehe nao wakaiga vikosi na mapigo yao. Munyigumba wa Wahehe aliunganisha koo za Uhehe kwa jeshi la namna hiyo, akawashinda Wabena wa Mtengera huko Mgodamtitu, na watu wa Mtengera wakashuka bondeni. Kwa hiyo bonde moja likawa na Wandamba, Wambunga na Wabena, huku Wahehe wakiangalia kutoka juu milimani.

Munyigumba alipokufa, karibu mwaka 1878 au 1879, Uhehe nao ulipata vita vya urithi. Mwambambe, mkwewe, kamanda aliyepanda cheo kwa vita, alitaka kutawala. Mkwawa, mwana wa Munyigumba, ilimbidi akimbie kwanza, na pambano la mwisho lilifanyika mahali panapoitwa Lundamatwe. Jina hilo kwa Kihehe linahusu vichwa vilivyorundikana, na pale Mwambambe aliuawa. Katika miaka hiyo hiyo Wahehe na Wangoni walipigana wao kwa wao mpaka karibu mwaka 1882, wote wakiwa na mbinu zile zile, na hakuna aliyemshinda mwenzake. Wakachoka, wakapatana.

Nchi ya Yuda ilikuwa na nafasi kama ya bonde hili. Kusini yake walikuwa wakina Ptolemayo wa Misri, kaskazini wakina Seleuko wa Siria. Ndio mfalme wa kusini na mfalme wa kaskazini katika sura ya 11 ya Danieli, sura ambayo bila historia hii haisomeki. Mwaka 217 K.K. walikutana Rafia, ndiyo Rafah ya leo karibu na Gaza. Kwa hesabu ya mwanahistoria Polybius, Misri ilileta tembo 73 na Siria tembo 102. Tembo wa Siria walitoka India. Wale wa Misri walikamatwa pande zetu hizi za Afrika, kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, ambako wafalme wa Misri walijenga vituo vya kuwindia. Polybius anasema tembo wa Afrika waliogopa harufu na sauti ya wale wa India wakarudi nyuma. Wanaolinda mashamba ya mpunga usiku katika bonde hili watapata shida kuamini hayo, lakini ndivyo ilivyoandikwa. Hata hivyo Misri ilishinda siku ile, kwa falanksi yake, ambamo kwa mara ya kwanza walipangwa Wamisri wenyeji wapatao 20,000. Baada ya muda mfupi Wamisri hao, wakiwa wamejua kwamba nao wanaweza kupigana, waliasi.

Karibu mwaka 200 K.K. Siria ikashinda huko Panio, na Yerusalemu ikahamia kwa mabwana wapya. Methali yetu ya tembo wapiganao na nyasi kuumia, kwa Wayahudi haikuwa mfano tu. Katika 1 Wamakabayo sura ya 6, Eleazari ndugu yake Yuda anaingia chini ya tembo wa mfalme, anamchoma, na tembo anamwangukia.

Mgeni anayealikwa

Watawala wenye nguvu sawa wakishindwa kumalizana, kila mmoja hutafuta rafiki. Hapo wadogo hupata bei. Mwaka 152 K.K. Demetrio na Aleksanda Balas waligombea kiti cha Siria, na wote wawili wakamwandikia Yonathani Makabayo, mtu ambaye juzi tu alikuwa mwasi wa porini. Mmoja alimruhusu kukusanya jeshi, mwingine akamfanya kuhani mkuu na kumpelekea vazi la zambarau. Yonathani alipokea vyote na kumchagua Balas. Miaka michache baadaye mgombea mwingine, Trifoni, alimlaghai na kumwua.

Wambunga nao walialikwa. Mwaka 1889 Bushiri bin Salim, akiwa amefukuzwa pwani na Wajerumani, alirudi na maelfu ya wapiganaji kutoka pande zetu, ambao watu wa pwani waliwaita Mafiti. Mwezi Oktoba walipigwa Yombo, na wengi wakarudi bara. Bushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba mwaka huo.

Kiwanga, mtemi wa Wabena wa bondeni, alichagua upande mwingine. Adui aliyemfahamu alikuwa Mkwawa, na Wajerumani walikuwa adui wa Mkwawa. Akafanya urafiki nao. Merere wa Wasangu alifanya vivyo hivyo, na kwa msaada wao akarudi katika nchi ambayo Wahehe walikuwa wamemfukuza. Wapo wanaowaita wasaliti. Mimi nasita. Msaliti huiuza nchi yake, na mwaka 1891 hapakuwa na nchi moja iliyowaunganisha Kiwanga na Mkwawa. Palikuwa na kumbukumbu ya Mgodamtitu. Yuda Makabayo naye, katika sura ya 8, alituma wajumbe Roma kufanya mapatano, na kitabu kinawasifu Warumi kwa kirefu. Alikuwa na sababu nzuri. Mwaka 168 K.K. mjumbe wa Roma, Popillius Laenas, alikutana na Antioko Epifane karibu na Aleksandria, akachora duara mchangani kumzunguka mfalme kwa fimbo, akamwambia asitoke humo kabla ya kujibu kama anaondoka Misri au haondoki. Antioko aliondoka. Mwaka uliofuata hasira yake iliishia Yerusalemu, na kuanzia hapo tunasoma masomo ya lile Juma la 33.

Mwaka huo huo wa 168, huko Pydna, Warumi walikuwa wamemaliza kazi na Makedonia yenyewe. Falanksi ilisonga vizuri kwenye uwanja tambarare; ilipofika penye mabonde na vilima safu zikapata nyufa, na Warumi wakaingia kwenye nyufa hizo na panga zao fupi. Sarisa haikuwafaa watu walioshikwa karibu. Kwa karne moja na nusu Wamakedonia walikuwa wakipigana na Wamakedonia, na mikuki ilizidi kurefuka.

Kwetu, Mkwawa alijua kutumia ardhi. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, Wahehe waliviziana na msafara wa Emil von Zelewski na kuuangamiza kabla mizinga haijapangwa. Baadaye alijifungia ndani ya kuta za mawe za Kalenga, na mwishoni mwa Oktoba 1894 mizinga ilizivunja. Alirudi porini akapigana kwa kuvizia hadi kifo chake tarehe 19 Julai 1898.

Kisha ikaja Maji Maji. Tarehe 30 Agosti 1905 Wapogoro na Wambunga waliishambulia boma ya Mahenge kwa wingi wao, mchana kweupe, uwanjani, dhidi ya bunduki mbili za rashasha. Ilikuwa namna ile ile iliyowaletea wababu wa Wambunga ushindi miaka arobaini nyuma. Mamia walikufa. Kiwanga na Wabena wake walikuwa upande wa boma. Mwezi Septemba kikosi cha Kapteni Nigmann kilifika kutoka Iringa kuiokoa. Wahehe, washindi wa Lugalo, hawakuingia Maji Maji, na baadhi yao walipigana upande wa serikali. Baada ya risasi ilikuja njaa, kwa sababu mashamba na maghala yalichomwa kwa makusudi. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kwamba waliokufa katika vita vile na njaa yake, kusini yote, walikuwa kati ya 250,000 na 300,000.

Wamakabayo walipata uhuru wao na kuwa wafalme. Mwaka 67 K.K. malkia Salome Aleksandra alipokufa, wanawe wawili, Hirkano na Aristobulo, vitukuu vya Simoni Makabayo, waligombea kiti. Kila mmoja alituma wajumbe na zawadi kwa jemadari wa Roma aliyekuwa Siria, Pompey, amwombe awe mwamuzi. Mwaka 63 K.K. Pompey alikuja Yerusalemu na majeshi yake. Watu wa Hirkano walimfungulia malango ya mji. Watu wa Aristobulo walijifungia Hekaluni kwa miezi mitatu, na ukuta ulipobomoka Pompey aliingia hadi Patakatifu pa Patakatifu, akatazama, akatoka.